Aliyemwitikia Kornel

Babu yangu Masele, mzee wa miaka sabini na minane, alijificha ndani ya kihenge cha mahindi kwa kuogopa karatasi. Nilimkuta humo Jumatano mchana, magoti yamegusa kidevu. Nilikasirika. Karatasi yenyewe niliiandika mimi, mwalimu wa kitongoji chetu cha kusini ya Tura: majina ya wenye nyumba wote wanaohamishiwa kijiji cha Ujamaa kando ya reli. Ijumaa yangeitwa mbele ya mgambo, na nyumba ya asiyeitika ingechomwa moto kama nyumba ya mtoro.

"Babu, utaniaibisha. Ni kuitika tu."

"Mke wangu," akasema, maana ndivyo babu anavyomtania mjukuu wake wa kike, "kuitika tu ndiko kulikomuua Kashindye."

Jina hilo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu.

Alinisimulia akiwa humo humo kihengeni, mimi nimekaa chini nje. Wajerumani walipoikimbia Tabora, Wabelgiji wakiwa nyuma yao, walikamata vijana wa kuwabebea mizigo, Babu akiwemo. Waliwafunga kamba shingoni, kumi kumi, wakawaswaga kwa njia ile ile ya misafara ambayo baba zao waliipita wakiimba. Asubuhi na jioni majina yaliitwa, na kila mtu aliitika kwa neno la Kijerumani: hia, yaani nipo. Siku moja walifunguliwa wachote maji. Kashindye, aliyekua na Babu wakichunga ng'ombe pamoja, akamnong'oneza: "Jioni niitikie. Sura zetu hawazijui."

Akatorokea porini, na jioni jina lake likaitwa. Babu akafungua mdomo, sauti haikutoka. Askari waliingia porini, wakamrudisha Kashindye kabla jua halijazama, wakamnyonga wenzake wakitazama.

"Nilikuwa na neno moja la kusema," Babu akasema. "Nikaliogopa."

Nilishindwa kulibeba peke yangu. Nikamsimulia Bi Mwanajuma, jirani yetu, tukiwa kisimani, na kisima hakina siri. Hadi Alhamisi jioni wazee wote walikuwa wanajua.

Ijumaa alikuja Raymundi, katibu kutoka mjini, na mgambo sita na debe la mafuta ya taa. Hakumjua hata mmoja wetu. "Mwenye nyumba aitike mwenyewe," akasema. "Mgonjwa aitikiwe na mkewe. Atakayemwitikia mtoro nitampandisha gari la kwenda jela pamoja na mtoro wake."

Nikaanza kusoma. Babu alikuja, kinyume na nilivyotarajia, akasimama nyuma ya watu akiegemea fimbo.

Nilipofika kwa Kornel nilijua hapo pana msiba. Kornel ni mgane, hana mke wala mtoto, na alikwenda porini kurina asali kabla amri ya kuhama haijaja. Nikalisoma jina lake mara mbili. Raymundi akamtazama mgambo, mgambo akainua debe.

"Hia."

Sauti ile niliijua. Wazee wakainamisha vichwa, maana na wao walilijua neno lile.

"Hia ndiyo nini?" Raymundi akauliza.

"Wazee wa huku huitika hivyo," nikasema, nikatia alama.

Nikasoma majina mawili. La tatu lilikuwa la Masele. Babu alinikazia macho, mdomo ameufunga. Sauti yake alikwisha kuitoa kwa mwingine, na nikatambua kwamba alilijua hilo kabla hajaitika. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

"Masele," Raymundi akarudia, akisoma begani kwangu.

"Hia," nikasema. "Anaumwa. Mimi ni mkewe."

Alinitazama juu hadi chini, msichana wa miaka ishirini na mitatu. Hakuna aliyecheka.

"Ni mkewe," akasema Bi Mwanajuma. "Hajawahi kumwita vingine."

"Ni mkewe," wakasema wazee.

Nikatia alama, kalamu ikatoboa karatasi. Raymundi akaniambia niendelee.

Kornel alirudi Jumapili na madebe mawili ya asali, akaikuta nyumba yake imesimama. Akaja kwetu, akapiga goti mbele ya Babu kumshukuru.

"Inuka," Babu akamwambia. "Nimechelewa miaka hamsini na minane."