Vyuma Katika Banda la Kelepi

Daktari alimwambia Kelepi bila kuzungusha maneno: kisukari kimeanza kumla figo. Apunguze nyama ya mafuta, na mwili aufanyishe kazi. Kelepi aliitikia kila neno kwa kichwa, akatoka, akakaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kuliwasha. Baba yake alimalizia maisha kwenye mashine ya kusafisha damu kule Auckland, New Zealand, na yeye ndiye aliyekuwa akimshika mkono.

Mkewe, Losaline, alikuwa akitunza wazee katika nyumba moja ya wakongwe hapo hapo walipoishi, mji wa Logan, Australia. Aliposikia habari hakulia. Alisema, "Basi twende jimu ile ya karibu na maduka. Nitakusindikiza."

"Pale sikanyagi."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini, mama Ilaisa."

Alijua. Ujanani Kelepi aliichezea raga timu ya mtaa, mstari wa mbele, kifua kama mlango wa kanisa, na hakuna Mtonga wa Logan, mtu wa visiwa vya Tonga kama yeye, asiyemfahamu. Siku hizi akipanda ngazi za kanisani husimama katikati na kusalimia watu, kumbe anatafuta pumzi.

"Niingie pale nikihema, waulizane, 'Huyu ndiye Kelepi?'" alisema. "Bora nihangaike hapa hapa nyumbani, nimefunga mlango."

Jumamosi wakaenda duka la vifaa vya mazoezi. Muuzaji, dada mmoja mrefu aitwaye Bronwyn, aliwauliza mazoezi yatafanyiwa wapi.

"Kwenye banda la gari," Kelepi akajibu.

"Na nani?"

"Na mimi."

Bronwyn akawapeleka kwanza penye vyuma vidogo vya mkono na kamba za mpira za kuvuta. Losaline akashika jozi moja ya kilo nne, akaipima mikononi. Akaona inafaa. Kazini kwake alikuwa amewaona wazee wakirudishiwa nguvu za kuinuka kitini kwa vyuma kama hivyo, taratibu, wiki hadi wiki.

"Hivyo wapelekee bibi zako kule kazini," Kelepi akasema. "Mimi nina mikono, sina vijiti."

"Daktari hakukwambia ushindane na mtu."

"Losa, niache nichague. Mwili ni wangu."

Akaenda moja kwa moja kwenye benchi la kulalia na mtaimbo mrefu wa kunyanyulia, akapanga sahani nzito za chuma kwenye toroli. Bronwyn akamwonyesha fremu yenye mikono miwili ya kukinga, ambayo mtaimbo ukimshinda mtu huangukia pale badala ya kifuani. Kelepi akaizunguka, akaigonga kwa kidole, akasema banda lake halina nafasi. Banda lilikuwa na nafasi. Losaline alifungua mdomo, kisha akaufunga, maana watu walikuwa wameanza kutazama.

Wiki za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kelepi akitoka kazini hujifungia bandani, redio inaimba nyimbo za kwaya, na mlio wa chuma unasikika hadi jikoni. Akawa anakula kidogo, analala vizuri. Lakini kila Losaline alipochungulia, sahani zilikuwa zimeongezeka.

"Unakimbilia wapi?" akamuuliza.

"Sikimbilii popote. Narudi."

Alasiri moja Losaline alirudi mapema. Binti yao Ilaisa alikuwa mazoezini shuleni. Redio ilikuwa ikiimba bandani, lakini mlio wa chuma haukuwepo. Akaita. Akasukuma mlango, akaona miguu ya mumewe ikipapasa sakafu pande zote mbili za benchi.

Mtaimbo ulikuwa umemlalia kifuani, karibu na shingo, na mikono yake ilikuwa ikiusukuma bila kuuinua. Uso umegeuka rangi. Losaline aliushika mtaimbo, akavuta kwa nguvu zake zote, nao haukusogea. Akaacha kuvuta. Akakimbilia ncha moja, akafyatua kibano kinachozuia sahani, akazivuta zikadondoka sakafuni. Mtaimbo ukapinduka upande wa pili kwa kishindo, na Kelepi akaviringika hadi chini akikohoa.

Alipopata sauti, neno lake la kwanza lilikuwa, "Usiite gari la wagonjwa. Majirani wataona."

Losaline alikuwa tayari ana simu sikioni.

Mbavu tatu zilikuwa zimepasuka. Watu wa kanisa walipokuja kumpa pole, Kelepi aliwaambia ameteleza kwenye ngazi akisafisha mfereji wa paa. Binamu yake Manase, aliyecheza naye raga na kunywa naye kava, kinywaji cha mizizi cha kwao, kila Ijumaa, akaleta kondoo aliyepikwa kwa majani ya magimbi na tui la nazi.

"Shemeji, ungemshikia ngazi mume wako," Manase akasema akicheka.

Losaline akatabasamu, akaenda jikoni, akashika ukingo wa sinki mpaka vidole vikauma.

Wageni walipoondoka akarudi, akaketi kitandani.

"Ningechelewa kidogo kazini, Ilaisa ndiye angekukuta," alisema. "Hilo umelifikiria?"

Kelepi alitazama dari. "Uzito ule nilikuwa naunyanyua kabla hatujaoana. Nilitaka kujua kama yule mtu bado yupo."

"Mimi simtafuti yule. Nilimzoea huyu."

Machozi yalimtoka Kelepi pembeni mwa macho yakaingia masikioni, na kwa sababu ya mbavu hakuweza hata kulia sawasawa.

Losaline aliuza benchi, mtaimbo na sahani bila kumwomba ruhusa. Akarudi dukani peke yake, akanunua jozi mbili za vyuma vya mkono, za kilo nne na za kilo sita, na kamba tatu za mpira. Mbavu zilipounga, Kelepi akaanza, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mlango wa banda umefungwa. Alifanya kwa hasira, bila redio. Vipimo vya figo viliporudi havikuwa bora. Daktari alisema tu havijaharibika zaidi. Alisema tena mbele ya Losaline, ili wote wawili wasikie kwamba hakuna ahadi.

Ijumaa moja Manase alimfuata bandani bila kubisha.

"Ala, hivi ni vya kupondea karanga?"

Kelepi alikuwa ameloa jasho. Angeweza kusema ni vya mtoto. "Ni vyangu," akasema. "Na sikuanguka ngazini. Chuma kilinilalia. Losa ndiye aliyenitoa."

Manase akaokota jozi ya kilo sita, akaipandisha na kuishusha kwa mbwembwe, halafu polepole, halafu akaiweka chini na kugeukia ukutani kama anayetazama vifaa vya bustani. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka kwa kuhema.

Kelepi aliijua hila hiyo. Manase alikuwa hajawahi kumwambia kama amepimwa sukari.

Kelepi akavuta kiti cha pili kilichokuwa konani, akakisogeza karibu na chake.

"Kaa," akasema. "Anza na hizi za nne."