Moshi wa Ukurasa wa Nne

Saa mbili asubuhi Odeta alikuwa anachomoa pini zenye kutu kwenye magazeti ya mwalimu Bagenda. Mwalimu alikuwa ameipa nyumba ya kumbukumbu pale Buzuruga maboksi kumi na tisa: magazeti, tiketi za kivuko, kadi za harusi. Odeta anasafisha, Justa anapanga kufuata mwaka.

Boksi la saba likaanza kutoa moshi. Moto haukuwepo. Moshi ulitoka ukurasa wa nne, kwenye vihabari vya mistari mitatu vya vikongwe waliouawa vijijini kwa kushukiwa uchawi, kisa macho mekundu. Ulinuka mavi makavu ya ng'ombe, yale wanayopikia wasio na kuni. Mkuu wao, Nestory, akasema wafungue madirisha. Kwenye daftari, sehemu ya hali ya gazeti, akaandika: limechanika, limeliwa na mchwa, linatoa moshi.

Wiki ya tatu macho ya Odeta na Justa yalikuwa mekundu. Odeta ana miaka ishirini na tatu. Stendi wakamshauri atafute dawa ya matone. Justa ana sitini na mbili. Stendi wakamwachia benchi zima. Nestory akamnunulia miwani myeusi.

Ijumaa Justa alikuwa anastaafu, arudi Kwimba kwenye shamba aliloachiwa na baba yake. Kwa sasa analilima Shigela, mtoto wa kaka yake. Ndiye aliyekuja kumchukua.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba."

"Hebu vua miwani, tukuone."

Justa akavua. Shigela akamtazama, kisha akasema nyumba bado haijaezekwa, asubiri mavuno yapite. Justa akamweleza kuwa ni moshi wa kazini, akamwonyesha boksi linavyofuka. Shigela akainama, akakohoa, akakubali kwamba moshi kweli ni mwingi. Akawapa pole na kazi.

Nje akamuuliza Odeta, kwa adabu kama mtu anayeulizia nauli, shangazi huwa analala chumba gani, na mlango wake unafungwa na nini.

Odeta akasema hajui. Shigela akamshukuru, akaenda zake.

Odeta alirudi ndani, akamweleza Justa neno kwa neno. Justa akaenda kumwomba Nestory chumba cha nyuma, awe analala humo. Nestory akampa ufunguo.

"Na mimi je, mama?" Odeta aliuliza. "Si macho yangu ndiyo haya haya?"

"Yako bado ni ugonjwa tu, mwanangu," Justa alisema, akavuta boksi la nane.