Saa Sita ya Siku Mbaya

Karatasi ilikuwa tayari tangu Jumatatu. Bi Hatsue aliiandika mara tano, akaipunguza na kuipunguza mpaka ikaenea ukurasa mmoja, maana waandishi wa habari ni kama samaki wa bwawani: ukiwamwagia chakula kingi kwa mpigo wanageuza mikia. Ilieleza kwamba Fundi Inokuma, mwenye miaka sabini na minane, aliye wa mwisho mkoani kutengeneza kwa mkono vyombo vya mbao vya kuwekea wali, anatafuta wanafunzi wawili. Mwisho wa kuomba ni mwisho wa Machi.

Asipopatikana hata mmoja, karakana itafungwa. Hilo halikuwa la kutia chumvi. Fundi alilisema mwenyewe pale kwenye ofisi ya Chama cha Mafundi, huku akiinua viganja vyake kama mtu anayepimisha nguo. "Mikono hii imebakiwa na miaka mitatu. Kumfundisha mtu kunataka mitatu. Nikikosa mtu mwaka huu, basi tena." Akanywa chai yake akaenda zake.

Kwa hiyo lilibaki moja tu: karatasi ipelekwe lini. Na hapo ndipo Bi Hatsue, katibu wa chama kwa miaka thelathini, alipokunja mikono ya sweta.

"Jumatano," alisema Mwenyekiti Kuwabara. Alikuwa ameketi karibu na jiko la mafuta ya taa, akimenya chenza, macho yake yakiwa kwenye kalenda ya ukutani waliyopewa na muuza tofu. Chini ya kila tarehe kulikuwa na herufi ndogo za kuonyesha kama siku ni njema au ni ya mkosi. "Jumatano ni Taian. Njema tangu jogoo mpaka kulala. Mimi nimeoa siku ya Taian, na duka langu nimelifungua siku ya Taian."

"Na mwaka jana taarifa ya maonyesho yetu tuliipeleka siku gani?"

Mwenyekiti akatoa nyuzi nyeupe kwenye chenza, moja moja. "Si ilitoka gazetini?"

"Mistari miwili, Mwenyekiti. Chini ya tangazo la paka aliyepotea."

"Alipatikana?"

"Paka alipatikana. Sisi tulipata watu kumi na mmoja, na wanne walikuwa ndugu zako."

"Watano," alisahihisha Mwenyekiti.

Bi Hatsue hakuwa na ugomvi na Taian. Naye aliolewa siku hiyo. Ila alijua kwamba mkoa mzima unaisubiri siku hiyohiyo. Benki ikifungua tawi, Taian. Zahanati ikizindua jengo, Taian. Muuza mikate akibuni mkate wenye umbo la kobe, Taian. Mwaka jana, katika chumba cha waandishi kwenye makao ya mkoa, ambako kila gazeti lina kisanduku chake cha kutiliwa taarifa, alihesabu karatasi kumi na tisa ndani ya kisanduku kimoja. Ya kwao ilikuwa ya saba kutoka chini.

"Tuipeleke Alhamisi," alisema.

Mwenyekiti aliinuka akaisogelea kalenda mpaka pua ikaigusa. "Alhamisi ni Shakko. Bi Hatsue, hiyo ni siku ya moto na visu. Na Fundi anashinda na visu mkononi."

"Nikutegee kitendawili?"

"Saa hizi?"

"Kidogo tu. Paka wangu mkali. Ukimshika kichwa anang'ata, ukimshika mkia anaparura. Tumbo peke yake ndilo anakubali lipapaswe."

Mwenyekiti alirudi kitini. Alivipenda vitendawili kuliko alivyokubali kusema. Birika ikachemka juu ya jiko, naye bado anawaza. "Nyuki," alisema mwishowe.

"Nani amewahi kumpapasa nyuki tumbo?"

"Basi nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Osaka."

"Kelele za watu wa Osaka ninazozisikia kwenye televisheni zinanitosha. Nipe Kyoto."

"Kyoto nzima?"

"Nzima, na mahekalu yake."

"Haya, chukua. Jibu?"

"Ni hiyohiyo Shakko. Asubuhi mbaya, jioni mbaya. Lakini katikati, kuanzia saa tano mpaka saa saba mchana, ni njema. Mama yako hakukufundisha?"

Alimfundisha, bila shaka. Kila mtu hufundishwa, kisha anakariri kwamba siku ni mbaya na kulisahau tumbo lake. Mwenyekiti alitafuna chenza taratibu.

"Tena Alhamisi asubuhi gavana huzungumza na waandishi," Bi Hatsue aliendelea, akimmiminia chai. "Wakitoka hapo wanarudi chumbani kwao kula, na ndiyo saa sita hiyo. Jumatano watakuwa wamevimbiwa na habari za kila mtu. Alhamisi watakuwa na ukurasa wa kujaza, na cha kuujaza hawana."

"Nitakuja mwenyewe," alisema Mwenyekiti. "Saa saba ikigonga karatasi haijaingia visandukuni, narudi nayo nyumbani. Na jambo likiharibika, wewe ndiwe utakayemwambia Fundi."

"Nitamwambia mimi."

Alilisema bila kupepesa jicho.

Jumatano alipita makao ya mkoa makusudi, akapanda hadi ghorofa ya tatu, akachungulia chumba cha waandishi. Visanduku vilikuwa vimetapika. Karatasi nyingine ziliwekwa sakafuni kwa kukosa mahali. Akashuka ngazi akiimba kimoyomoyo.

Alhamisi, saa sita kasoro robo, waliketi kwenye benchi la ukumbini, yeye na Mwenyekiti, na katikati yao mzigo wa mviringo uliofungwa kwa kitambaa cha zambarau. Gavana alikuwa hajamaliza. Saa sita ikafika, ikapita. Chumba cha waandishi kilikuwa kitupu.

"Visanduku si hivyo hapo," Mwenyekiti alinong'ona. "Tia tu twende."

"Karatasi iliyotiwa bila mwenyewe kuona huamkia chini ya nyingine. Subiri."

"Saa sita na nusu."

"Naiona saa."

"Bahati inavuja, Bi Hatsue."

"Yako labda. Yangu haijatoboka."

Moyoni, hata hivyo, alimwona Fundi akipangusa randa yake na kuifunga kwenye gazeti kuukuu. Akaushika mzigo kwa mikono miwili. Bado ulikuwa na joto.

Saa sita na dakika arobaini viatu vikasikika. Waandishi walirudi wakilalamika juu ya gavana na barabara zake, wakaketi mezani, wakafungua vyakula vyao vya kununua dukani. Hapo ndipo Bi Hatsue alipoingia. Aliinama, akatia karatasi katika visanduku vyote kumi na vinne, kimoja kimoja, bila haraka, huku Mwenyekiti akihema mlangoni. Kisha akamwendea Orihara, mwandishi wa gazeti la mkoa, mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, akaweka mzigo mbele yake, akafungua kitambaa na kuinua kifuniko.

Harufu ya wali na mbao mpya ikatambaa chumba kizima. Vijiti vya kulia vikasimama hewani.

"Mama, sisi tumekatazwa kupokea zawadi," alisema Orihara.

"Nani kakupa? Nimekuja kukuonyesha chombo. Chombo cha wali kikiwa kitupu ni ndoo tu."

Mtu akacheka kule nyuma. Orihara alitazama wali wake mwenyewe, uliogandia plastiki kama gundi, kisha akatazama ule mwingine, punje kwa punje. "Huu umepikwa saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi. Mbao zinakunywa mvuke, wali ukianza kukauka zinaurudishia. Hakuna misumari humo wala gundi. Anayejua kukiunda amebaki mmoja, na karatasi yake iko kwenye kisanduku chako."

Orihara aliinuka kuichukua. Ilikuwa peke yake. Aliisoma akiwa amesimama.

"Huyu fundi leo yupo kazini?"

"Yupo kila siku, isipokuwa akienda kusafisha makaburi ya wazee wake."

"Jana nimeandika benki, zahanati na duka la miwani," alisema Orihara, akivaa koti. "Leo sina hata paka. Twende."

Mwenyekiti alitazama saa yake. Ilikuwa saa saba kasoro dakika nne. Akaketi kwenye kiti cha mtu na kujifuta jasho, katika baridi ya Februari.

Ijumaa asubuhi ilitoka nusu ukurasa, na picha ya mikono ya Fundi ikisukuma randa. Simu ililia kabla Bi Hatsue hajavua koti. Wengi walitaka kujua bei. Bibi mmoja aliuliza kama fundi ana mke. Lakini Jumamosi alishuka kwenye treni msichana mmoja, Tokunaga Chinami, aliyekuwa akiunda makabati kiwandani, mfupi, mkimya, gazeti limekunjwa mfukoni.

Fundi alimpa kibao na randa, akaketi kumtazama. Bi Hatsue na Mwenyekiti walisimama mlangoni kama wazazi kwenye mtihani. Maranda yalianguka manene, yakaja membamba, na kufikia mchana moja likatoka refu, laini, likajikunja kama utepe. Msichana akasimama kunyoosha mgongo. Meza ilikuwa juu mno kwake, mabega yalikuwa yakimpanda masikioni.

Mzee aliinuka, akatwaa msumeno ukutani.

"Ni ile saa sita," Mwenyekiti alinong'ona. "Nilikwambia siku ina maana yake."

"Ni ile saa sita," Bi Hatsue alikubali.

"Sasa nirudishie Kyoto."

"Kyoto siirudishi."

Fundi Inokuma alikuwa amekwisha kupiga magoti. Akapima kwa kidole, akatia alama, akaanza kukata miguu ya meza.