Upande Aliosimama Methodi

Asubuhi Vitalia alikanyaga tena dagaa wake mwenyewe. Alikuwa amewaanika kushoto kwake, na kushoto siku hizi haoni kitu. Ilianza wiki iliyopita, Methodi na mgambo wenzake walipokuja ufukweni kukataza kuanika mchangani. Vichanja walivyoahidiwa wanawake havijafika mpaka leo, ila rungu lilifika. Methodi alipiga teke beseni la Vitalia. Vitalia akaling'ang'ania, akapigwa pembeni ya jicho la kushoto mpaka damu ikachuruzika juu ya samaki.

PF3 ya polisi iliandikwa kwamba ameanguka. Bila fomu hiyo hatibiwi, na kwa fomu hiyo hakuna aliyempiga. Na nani alitumwa kumsindikiza mpaka kliniki ya macho Mbinga, fomu mfukoni, rungu kwapani? Methodi huyohuyo. Watu hawana hata haya.

"Wewe subiri nje," Flavia, muuguzi wa macho, alimwambia Methodi. Akachukua fomu, akakaa mbele ya Vitalia, magoti yakikaribiana.

"Mama, ziba jicho la kulia. Niangalie puani, usigeuke. Ukiona vidole vinacheza, sema."

Vidole vikaja kutoka kushoto. Vikacheza, vikasogea, vikakaribia shavu. Vitalia aliendelea kuitazama pua ya Flavia.

"Bado hujaanza, dada?"

Flavia alishusha mkono. "Fungua yote mawili. Endelea kuniangalia. Hapa wameandika ulianguka. Ni kweli?"

"Nilianguka, ndiyo. Baada ya rungu la Methodi."

Mlango ulikuwa umesukumwa taratibu. Methodi alisimama kushoto kwa Vitalia, akainua rungu, likabaki shubiri moja kutoka kichwani mwake. Vitalia hakupepesa hata kope.

"Alisema nikimtaja atanimaliza," aliendelea.

"Toka!" Flavia alipiga kelele, akisimama. "Toka nje, muuaji wewe!"

Hapo ndipo Vitalia alipogeuza shingo, akaliona rungu. Akashika kiti kwa mikono miwili. Methodi alimwangalia, akamwangalia Flavia, akalishusha rungu lakini hakutoka.

Flavia alikaa. Akakata neno "ameanguka", akaandika juu yake: amepigwa rungu na Methodi.

Vitalia aliinama juu ya fomu, akigeuza kichwa chote ili aisome.

"Andika na jina la baba yake, dada," alisema. "Kwetu akina Methodi wako wawili, na yule mwingine hajanipiga."