Taulo Safi Hazifuliwi

Mimi ni dobi, na nina mdomo. Yote mawili yanajulikana katika nyumba hii ya wageni, maana nimeifulia miaka kumi na tisa, na hakuna meneja aliyepita hapa ambaye sikumpa ukweli wake. Huyu wa sasa tunamwita Bwana Manukato. Haamini shuka mpaka ainuse.

Alipoingia tu alitoa amri: kila taulo iliyolala chumbani ifuliwe kesho yake, iwe imeguswa au haijaguswa. Nikamuuliza kama na sahani za kabatini tuwe tunaziosha kila siku hata bila kuliwa. Hakucheka.

Kilichonikera ni maji. Yanatoka kisimani, na kisima hichohicho ndicho kinacholisha bomba la nyuma ya ukuta, wanakochota majirani. Pampu ya chumba cha kufulia ikiwaka, bomba lile linabaki kudondosha. Wifi yangu anaishi kule. Kila jioni alikuwa anafika kwangu, ndoo mkononi na maneno mdomoni, akitaka kujua tangu lini wageni wetu wamekuwa wachafu hivyo. Niliona haya. Ningemwambia nini, kwamba yeye akae na kiu ili mimi nifue kilicho safi?

Basi nikaanza ukaidi wangu. Taulo nazikunja kwa namna yangu: pindo ndani, kona moja nimeichomeka chini ya mkunjo wa mwisho. Mgeni akiifungua, hawezi kuirudisha vile. Iliyoshuka na kona yake mahali pake sikuifua. Niliiweka rafuni, na kesho yake ikapanda tena chumbani. Mwezi mzima pampu ilipumzika mchana, na wifi akaacha kuninunia.

Lakini nilikosea, na kosa langu nalisema mwenyewe. Katika chumba namba saba alilala bibi mmoja aliyekuwa dobi wa hospitali hadi alipostaafu. Alijifuta, akaitazama mikunjo yangu, akaikunja taulo vilevile, kona chini, kwa kuheshimu kazi ya mwenzake. Aliniambia hayo baadaye, akicheka, mimi machozi yananilenga. Maana ile taulo ilishuka, nikaiona imekunjwa, nikaipandisha kwa mgeni mwingine, na yule akakuta mvi mbili na alama ya rangi ya nywele.

Bwana Manukato alifurahi mpaka akasahau kuficha. Alimwita mwenye nyumba, akaimwaga rafu yote sakafuni, taulo arobaini, akasema nizifue zote leo hii, la sivyo nivue aproni. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima asiyependa makelele. Aliniomba nitii tu, yaishe. Nyumbani kwangu hakuna mshahara mwingine ila huu wangu.

"Taulo moja nimekosea, na mgeni nimeshamwomba radhi," nikasema. "Hizi nyingine siziombei radhi."

"Unafua au hufui?" meneja akauliza.

"Nafua. Ila pampu siwashi. Nitachota kule wanakochota wenzangu."

Nikabeba ndoo mbili, nikatokea mlango wa nyuma. Foleni ilikuwa imezunguka kona, wanawake ishirini na kitu, wengine wamekalia madumu yao. Nilisimama mwisho kabisa, nyuma ya wifi. Meneja alinifuata akininong'oneza nirudi ndani, nisimwaibishe mbele za watu, na mwenye nyumba akaja nyuma yake akihema. Mimi sikunong'ona. Wifi aliponiuliza kama na kwetu maji yamekatika, nilimjibu kwa sauti ya kufika bombani kwamba nimetumwa maji ya kufulia taulo arobaini.

Wifi akaweka ndoo yake chini. Hakunitazama mimi. Alimtazama mwenye nyumba.

"Samahani, mama," akasema. "Hizo taulo ni chafu?"

Meneja alifungua mdomo, mwenye nyumba akamzuia kwa mkono. Aliziangalia ndoo moja baada ya nyingine, taratibu, kuanzia bombani hadi kwangu. Nilijua kwamba kazi yangu imo katika jibu lake, na nilijua pia kwamba likija vibaya nitavua aproni palepale na ndoo zangu nitazijaza maji ya kunywa.

"Hapana," akasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliyekuwa karibu niliisikia kwa shida.

"Sema tena, mama," nikamwambia. "Wa mbele hawajasikia."