Suti ya Kanisa

Friza ya Mama Orpa ilikufa msimu wa mvua, na samaki waliokuwa ndani wakawatia majirani adabu kwa harufu. Tangu hapo mama huyo alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: mwanawe Joël ajifunze ufundi wa friji, aifufue, biashara ya samaki irudi. Mungu akajibu. Chuo cha ufundi pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale kikampatia Joël staji, yaani mafunzo ya kazini, katika karakana moja ya friji huko Ruti, Mbarara.

Habari zilipofika kanisani, mambo yakatoka mikononi mwa Mungu yakaingia kwa mzee wa kanisa, Adolphe, mtunzaji wa suti. Wakongomani wa kanisa lile walikuwa na suti moja ya buluu. Aliyeoa aliivaa, aliyeitwa kwenye usaili wa kuhamia Kanada aliivaa, na sasa mwanastaji angeivaa, apende asipende.

"Mwana yangu," Adolphe alimwambia huku akimfunga tai, "mu fasi ya kazi batu banaangaliaka nguo mbele ya kuangalia akili. Hii ni heshima yetu yote. Usiichafule, Cassien ataoa nayo."

Joël akaenda nayo. Mwenye karakana, Eliezeri, alimtazama kuanzia viatu hadi tai, akaona haya hata kumpa mkono wake wenye grisi. Lakini akili ya biashara ikamjia upesi.

"Wewe nakaa hapa mbele, sebo," alisema, akimwita bwana kwa lugha ya kwao. "Wewe naongea na makasitoma. Huko nyuma uchafu mingi."

Joël akakaa. Aliposikia nyundo nyuma ya pazia alitamani kwenda kuchungulia, ila aliitazama suruali, akamkumbuka Cassien na harusi yake, akakaa tena. Wateja walimpenda mno, wakamwita injinia. Eliezeri alimfundisha yote yaliyohitajika kule mbele: kuweka kiganja juu ya friji, kuinamisha kichwa kama anayesikiliza, kukitikisa polepole, kisha kusema spea inatoka Kampala. Aliyafanya vizuri hata watu wakawa wanaondoka wameridhika na friji zao mbovu. Staji ilipoisha, Eliezeri alikiambia chuo kwamba hajapata kuona mwanafunzi safi kama huyu.

Nakivale walimpokea kwa nyimbo. Friza ilikuwa imetolewa uani, imepanguswa vumbi, na Mama Orpa amesimama kando yake na kitenge cha sikukuu. Joël akachungulia nyuma ya friza. Aliona nyaya na mabomba, na hakujua hata moja lilikokwenda. Kanisa zima lilikuwa likimngoja. Basi mkono wake ukafanya ulichozoea: ukatua juu ya friza. Kichwa kikainama, kikatikisika polepole.

"Mama, kompresa imekufa," alisema. "Spea inatoka Kampala."

Watu wakaguna kwa heshima. Adolphe akawaambia waone wenyewe kazi ya suti. Mama Orpa aliinua mfuniko, akarudisha ndani maharagwe aliyokuwa ameyatoa asubuhi ili kuwapisha samaki, akafunga taratibu.

"Haina neno, mwana yangu," alisema. "Nitangoya."

Joël alishikwa na aibu ambayo hakujua aiweke wapi. Siku hiyohiyo akairudisha suti kwa Adolphe, na Jumatatu akaenda Ruti amevaa shati la shambani la marehemu baba yake, lililotoboka makwapani.

Alipita mbele bila kukaa, akaingia nyuma ya pazia. Eliezeri alikuwa ameinamia kompresa. Aliinua macho, asimtambue.

"Wewe natafuta kazi? Kazi iko," alisema. "Tulikuwa na kijana moja hapa, mzuri sana, lakini kushika kitu, hapana." Akamsukumia spana. "Wewe, shika hapa."

Joël akapiga magoti kwenye oili, akashika.