Nafasi ya Kiti cha Phanuel

...kumbe ni nati mbili tu na ukanda wa chuma, nati mbili, Awinja aliwaza, kichwa na mabega yake yamezama ndani ya buti la gari jekundu, spana imeshauma nati ya waya mweusi lakini bado hajaizungusha, nati mbili, na miaka yote hii mumewe alikuwa akimwambia haiwezekani, betri haitoki hapo, Mama Beverly, hili si gari la kubebea ndizi, uzito ukihamia mbele halitashika barabara... na sasa Phanuel huyohuyo amekaa kwenye kiti cha magurudumu pale kwenye veranda akitoa amri, "Anza na ule mweusi, unaskia? Mweusi kwanza!" kana kwamba si Awinja aliyeupitisha ule mwekundu chini ya sakafu mpaka kwenye stata, amelala chali kwenye vumbi la ua huu huu wa Shirere, gari likiwa bado mifupa, maana lilikuja vipande vipande kwenye makasha, bodi huku, milango kule, pamoja na kitabu cha maelezo ambacho Phanuel hakuwa na subira nacho, akakisoma yeye, mtoto akinyonya, hiki kinaingia hapa, hiki kinafuata, na siku lilipowaka wanafunzi waliopanga vyumba vya jirani walikuja mbio na simu zao, fundi, fundi, fundi akapigwa picha ameegemea mlango, na mke wa fundi akaambiwa asogee kidogo, kivuli chake kinaharibu... akasogea, na hajaacha kusogea tangu hapo. "Umefika wapi?" Bado, alijibu, bado, Baba Beverly, huku jasho likimwingia jichoni, na mbele kando ya injini kile kitako cha chuma alichokichomelea jana kikisubiri betri, kazi ya asubuhi moja, ya asubuhi moja tu, na mama yake alikuwa Shianda miguu imevimba kama vinu, anataka kuja kukaa karibu na hospitali, hana mengi, kigodoro chake, sufuria, blanketi na ingokho, kuku mmoja wa kumshukuru mkwe, na Awinja alimbembeleza Phanuel wakila, tuihamishe betri, mama apate mahali pa kuweka vitu vyake, na Phanuel akamega obusuma, ugali wake, akacheka, mwambie apande boda, mizigo itafuata na trekta ya miwa, na mama, ambaye hakuwahi kumsumbua mtu, akasema basi nitakuja mkipata nafasi, mwanangu... nafasi haikupatikana mpaka alipopewa ile ya mwisho, kando ya migomba, nayo haikuhitaji buti la mtu. Halafu ile simu kutoka Matete, gari la mumeo limegonga mkaratusi, njoo, akaenda, akakuta pua ya gari imebonyea kama mkebe, Phanuel keshachukuliwa na mgongo wake uliovunjika, na Natasha, yule wa duka la vitambaa la pale Matete, amekaa ukingoni mwa mtaro na mchubuko wa kiwiko, mchubuko tu, haangalii mtu, na Awinja alipofungua buti betri haikuwa na hata mkwaruzo, na kando yake, limeshindiliwa vizuri kabisa, begi la nguo la maua... kwa hiyo nafasi ilikuwepo, ilitegemea ni ya nani, na hata hivyo amelirudisha gari nyumbani, akainyoosha ile pua kwa mikono yake, anamwosha mtu, anamgeuza kitandani, mama mchungaji anamshika bega kila Jumapili, Mungu anakuona, Awinja, na yeye husema ameni, lakini anajiuliza kama Mungu aliona na lile begi. "Mama Beverly," Phanuel aliita tena, safari hii kwa sauti laini, ile ya kuombea, sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu enzi za uchumba, mpaka mkono wake ukatulia juu ya spana. "Kiti changu kikishaenea hapo butini, siku ya hospitali si tunaweza kupitia Matete kidogo? Kuna watu sijawasalimia." Watu. Redio ya mwanafunzi fulani ilikuwa ikiimba ng'ambo ya ua, Awinja akaisikia kila neno, akadhani sasa atalia, kwa kawaida hapa ndipo angelia, kisha angefuta uso kwa kanga na kusema sawa, tutaona, lakini maneno yakapanda yenyewe, hayakumwomba ruhusa. "Hospitali nitakupeleka," alisema bila kuinua kichwa, "na kukuosha nitakuosha. Matete utaenda kwa miguu yako." Kiti kikalia kidogo pale kwenye veranda, na Awinja aliyainamia maneno yake mwenyewe akingoja aibu imshuke, maana ni maneno mabaya, hakuna mtu humwambia kilema hivyo, hata mama yake angemkemea, alingoja, spana ingali palepale kwenye nati ya kwanza, na aibu haikuja, kilichokuja ni njaa, njaa ya kweli, ya ugali wa moto na mboga za kunde, njaa kubwa kama ya mtu ambaye hajala tangu matanga ya mamake.